Mafuta ya Bangi na Haki ya Aliyekwisha Kuingia

Limetufikia katika darasa letu swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja la halali au haramu. Muulizaji ana mtoto wa ndugu yake anayeishi Canada, ambako bangi yauzwa madukani kwa idhini ya serikali tangu tarehe 17 Oktoba 2018. Kijana huyo ameyaacha majani na kuingia katika kitu kikali zaidi, nacho ni mafuta yanayokamuliwa katika bangi, na asema waziwazi kuwa kwa sasa hana nia ya kuyaacha. Ami yake amepata kwa tabibu mambo ambayo, lau kijana angeyajua, huenda yangemwepusha na maangamizo. Atuuliza: Jee, yafaa amwambie? Au kumwambia mtu, "Acha, na kama huachi, basi usifanye hili wala lile," ni kumsaidia katika dhambi, hali Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Maida, aya ya 2, tusisaidiane katika dhambi na uadui?

Swali hili limetugawanya sisi wenyewe. Wako katika darasa waliosema kuwa neno la pekee analostahiki mlevi ni "acha," na kila lizidilo hapo ni kumlainishia njia. Wako waliosema kuwa mwenye kumwona mtu ukingoni mwa kisima hamwulizi kwanza alifika pale kwa maasi au kwa twaa. Tumeona tuyaandike yaliyotubainikia baada ya mazungumzo marefu, na mwenye hoja bora na atuletee.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi tukijue kwanza. Maua ya mbangi jike yana vinyweleo vidogo mno vyenye ulimbo, na ndani ya ulimbo huo mna kile kilevi ambacho watu wa elimu ya dawa hukiita THC. Watu wa kale waliutoa ulimbo kwa kuyasugua maua baina ya viganja, kama wafanyavyo Wahindi katika kutengeneza charasi, au kwa kuyachekecha, na hiyo ndiyo hashishi iliyozungumzwa katika vitabu vya fiqhi. Watu wa leo wamezidisha. Huyakamua maua kwa moto na shindikizo, au huyaosha kwa gesi kama ile iliyomo katika viberiti vya gesi, kisha gesi ikatoka na pakabaki kitu mfano wa asali, au nta, au kigae cha kioo. Katika majani yaliyovutwa miaka ya 1960 na 1970 kilevi hicho kilikuwa sehemu chache katika mia. Maua yauzwayo leo katika maduka ya Amerika aghlabu yana sehemu 15 au 20, na pengine zaidi. Mafuta haya yana sehemu 60 hata 90. Mwenye kuzoea jani kisha akayaendea mafuta kwa kipimo kile kile ni mfano wa mtu aliyezoea tembo la mnazi, akamiminiwa spiriti katika kikombe kile kile.

Na mlevi wa mafuta haya hajui alipewa nini. Majani aliyaona kwa macho yake; mafuta yamefungwa ndani ya kichupa cha sigara ya umeme, na kilichochanganywa humo anakijua aliyechanganya tu. Katika mwaka 2019 vijana wa Marekani walianza kuingia hospitali wakishindwa kuvuta pumzi, na madaktari mwanzo wakadhani ni homa ya mapafu. Hadi Februari 2020 idara ya afya ya nchi hiyo ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi kwa sigara za umeme, na aghlabu hawakuyanunua katika duka lenye idhini bali kwa marafiki na wachuuzi. Uchunguzi ukaonyesha kuwa wachuuzi walikuwa wakiyazidisha mafuta kwa kutia aina ya vitamini E. Kitu hicho hakimdhuru mwenye kukimeza wala mwenye kujipaka ngozini, lakini kikivutwa kikafika katika mapafu huyaharibu. Hebu tulizingatie jambo hili. Watu wale hawakuuawa na kilevi chenyewe, bali na ghushi ya mfanyabiashara aliyetaka faida ya ziada. Na aliyekuwa na habari hiyo mapema akanyamaza kwa kuogopa kusaidia dhambi, jee, alisaidia nini?

Ama hukumu ya kitu chenyewe haina shaka kwetu. Amepokea Abu Daud kwa Ummu Salama (Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie) kuwa Mtume (Rehma na amani zimshukie) alikataza kila kileweshacho na kila kilegezacho mwili. Na amepokea Jabir kuwa kile ambacho kingi chake hulewesha, kichache chake pia ni haramu. Kwa hiyo hana hoja mwenye kusema kuwa tone moja halimlevyi. Wanavyuoni walihitalifiana katika namna ya kilevi hiki, si katika uharamu wake. Imam al-Qarafi, aliyefariki mwaka 684 wa Hijra, alikitenga na mvinyo, akakihesabu katika vitu vifisidivyo akili, na mwenye kukitumia akaona atiwe adabu na kadhi wala asipigwe hadi ya mvinyo. Ibnu Taymiyya, aliyefariki mwaka 728, alikataa utengano huo, akakipa hukumu ya mvinyo yenyewe. Az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 794, alitunga risala nzima katika kuharimisha hashishi. Na katika nchi yetu ya Kenya, pamoja na sheria ya Mwenyezi Mungu, iko sheria ya serikali ya mwaka 1994 inayoikataza bangi na ulimbo wake. (Dawa ambazo matabibu huzitoa katika mmea huu, kama ile ya kifafa cha watoto iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni mas-ala mengine, wala hayaingii katika maneno yetu.)

Basi ikiwa hukumu ni wazi hivi, shubha imetoka wapi? Imetoka, kwa maoni yetu, katika kuyachanganya maswali mawili. La kwanza: Ni lipi halali kwa yule kijana? La pili: Ni lipi la wajibu kwetu sisi tunaomwona? Watu wengi wakishalijibu la kwanza hudhani wamelijibu na la pili.

Kwa swali la kwanza tunayo fatwa ya mwanachuoni wa madhhab yetu, Ibnu Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra. Aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni na mfano wake hata ikawa akiikosa atakufa. Akajibu kuwa likithibiti hilo kwa yakini, kwa kauli ya matabibu au kwa tajriba iliyo sahihi, basi yamhalalikia kula kiasi cha kumwokoa, bali yamwajibikia, kama nyamafu kwa mwenye dharura. Na juu yake ni wajibu kukipunguza kidogo kidogo mpaka mwili uzoee kukosa. Fatwa hii ni ya rehma, lakini kijana wetu hawezi kuishika. Matabibu wasema kuwa mwenye kuacha bangi hupatwa na ukosefu wa usingizi, hasira, jasho na kukosa hamu ya chakula, na kuwa dhiki hiyo huwa kali katika wiki ya kwanza kisha aghlabu hupungua baada ya wiki mbili. Ni taabu, wala si mauti. Kwa hivyo hana dharura ya kisheria, na kila avutapo ana dhambi. Asidhani mtu kuwa katika maneno yetu yanayofuata tumempa ruhusa.

Twende katika swali la pili. Bedui mmoja aliingia katika Msikiti wa Mtume akakojoa, na masahaba wakamwinukia. Mtume (Rehma na amani zimshukie) akawakataza wasimkatize, mpaka alipomaliza, kisha akaamrisha ndoo ya maji imiminwe pale, na yule mtu akafundishwa kwa upole. Imam an-Nawawi na wengineo wametoa katika hadithi hii kanuni ya kuyaondoa madhara makubwa kwa kuyavumilia madogo: lau angekatizwa angejidhuru nafsi yake, na najisi ingeenea mahali pengi. Hapana aliyesema kuwa Mtume, kwa kumwacha amalize, alihalalisha kukojoa msikitini.

La ajabu zaidi ni la Ibnu Taymiyya mwenyewe, ambaye katika wanavyuoni hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye juu ya hashishi. Amesimulia mwanafunzi wake, Ibnul Qayyim, kuwa mwalimu wake alipita katika zama za Matatari akawakuta baadhi yao wakinywa mvinyo. Mmoja wa wenziwe akawakemea. Ibnu Taymiyya akamkataza kuwakemea, kwa sababu mvinyo umeharamishwa kwa kuwa wazuia watu na dhikri na swala, na hawa wauzuia na kuua watu, kuteka watoto na kupora mali. Kutokana na hayo Ibnul Qayyim amepanga kuwa kukataza mabaya kuna daraja nne. Huenda baya likaondoka na mahali pake pakaja jema. Huenda likapungua, ijapokuwa halikuondoka lote. Huenda likaja baya mfano wake. Na huenda likaja baya kubwa zaidi. Daraja mbili za mwanzo ni za sheria. Ya tatu ni mahali pa ijtihadi. Ya nne ni haramu. Mwenye kusema kuwa hapana nasaha illa ile inayoondoa baya lote, ameifuta daraja ya pili, na hakuna aliyempa idhini ya kuifuta.

Walituambia baadhi ya wenzetu: "Matatari wale walikuwa wakizuiwa kudhuru wengine, huyu ajidhuru mwenyewe." Twajibu kuwa sheria imekuja kuhifadhi vitu vitano, na miongoni mwavyo ni nafsi na akili. Kijana huyu ameihatirisha akili yake. Jee, kwa kuwa ameihatirisha akili tumwache aipoteze na roho? Tena si kweli kuwa ajidhuru peke yake. Aendeshaye gari akiwa amelewa huua wapita njia. Apikaye mafuta haya nyumbani kwa gesi, cheche moja ikiruka, huwachoma walio chumba cha pili. Na awekaye peremende za bangi mezani humlevya mtoto wa nyumba. Katika Marekani watoto walio chini ya miaka 6 waliokula vyakula vya bangi, kwa hesabu ya vituo vya sumu, walikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 walifika 3,054. Na hapa petu pia magazeti yametaja biskuti na keki za bangi zikiuzwa kwa wanafunzi, basi tusiyadhani haya kuwa ni mambo ya Wazungu.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni kuwa maneno haya yakienea, asiyekuwamo atadhani kuwa pana njia ya salama, naye aingie. Hoja hii tumeikubali nusu. Kwa ajili yake twasema nasaha ya namna hii ni dawa ya mgonjwa, haimwagwi katika hotuba ya Ijumaa wala haibandikwi katika mlango wa madrasa. Hupewa yule aliyekwisha kuingia, faraghani, kwa kinywa cha mtu anayemwamini, na neno "acha" likitangulia na likifuatia. Na tulitupilie mbali neno "salama." Hilo ni neno la wachuuzi. Wauzaji wa mafuta haya katika nchi zilizoruhusu huandika juu ya vichupa vyao maneno mazuri ya usafi na vipimo, kama kwamba kujua kipimo cha sumu kumeitoa katika usumu. Ami anayesema, "Hili litakuua upesi zaidi kuliko lile," hakusema kuwa lile ni salama. Baina ya kauli mbili hizi pana umbali mkubwa, na mwenye kuutazama ulimi wake hatauvuka.

Nusu ya pili ya hoja hatukuikubali, kwa sababu pwani yetu imekwisha kuijaribu njia ya kunyamaza. Miaka ya 1990 na 2000 heroini ilipowamaliza vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu, wengi wetu tulisema kuwa wameyataka wenyewe. Sindano moja ikapita katika mikono ya watu wengi, na maradhi ya ukimwi na ya ini yakapita pamoja nayo, yakawafikia wake majumbani ambao hawajapata kuiona heroini. Mwaka 2012 serikali ilipotaka kugawa sindano safi, baadhi ya viongozi wetu wa dini waliipinga kwa hoja hii hii ya kusaidia maasi. Baadaye zikafunguliwa zahanati za methadoni, ya kwanza huko Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka 2015 zikafika Malindi na Mombasa. Na leo wako baba waliorejea katika kazi na katika safu za swala kwa sababu yake. Wala Waislamu wa nchi nyingine hawakutungoja. Iran, ambayo hakuna asemaye kuwa ni nchi ya kulegeza, mkuu wa mahakama zake alitoa waraka mwaka 2005 kuwa watoao sindano safi na methadoni wasishitakiwe. Malaysia walianza methadoni mwaka huo huo, na mwaka 2010 wakaitoa ndani ya uwanja wa Msikiti wa Ar-Rahman, Kuala Lumpur, pamoja na mafunzo ya dini.

Basi ami na amwandikie kijana wake, au bora zaidi amwambie kwa simu, kwani sauti ina huruma ambayo karatasi haina. Amwambie aache, na amweleze kwa nini. Kisha amwambie kuwa kichupa asichojua kimetoka wapi ni mauti yaliyofungwa. Kuwa asithubutu kupika kitu hicho kwa gesi. Kuwa asikichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Kuwa asishike usukani siku aliyotumia. Amwambie kuwa kiliwacho huchelewa, pengine nusu saa na pengine saa mbili, na wengi hudhani hakikufanya kazi wakaongeza, na hapo ndipo wanapoanguka. Amwambie kuwa mwenye kutapika mara kwa mara na akawa hapati nafuu ila kwa kuoga maji ya moto, asidhani kuwa bangi yamtibu. Huenda ndiyo imtapishayo. Na la kubwa kuliko yote, atazame nasaba yao. Ikiwa katika ukoo wamo waliopatwa na wazimu, amwambie bila ya kuficha, hata ikiwa jambo hilo halijapata kutamkwa katika nyumba yao. Wataalamu waliochunguza wagonjwa katika miji ya Ulaya na Brazil walitangaza mwaka 2019 kuwa mwenye kutumia kila siku bangi kali, yaani ile ya sehemu 10 katika mia na zaidi, ana uwezekano wa kupatwa na wazimu karibu mara tano kuliko asiyeitumia kabisa. Mafuta yana sehemu 60 na zaidi.

Muulizaji ametaja pia fedha amtumiazo kijana kila mwezi. Hizo asizikate kwa ghadhabu, wala asimtie mkononi. Na alipe kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba, na ada kwa chuo chenyewe, kwani fedha taslimu, kwa mtu aliyezoea, ni njia fupi ya kurudi dukani.

Wala asimtukane. Alikuwako katika zama za Mtume mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa ulevi akapigwa, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Twaona ajabu kuwa hadithi hii husomwa katika darasa zetu kila mwaka, kisha mlevi akipita barazani hakosi wa kumlaani.

Limebaki jambo moja ambalo muulizaji hakuliuliza, na sisi tumeona tuliseme, kwa kuwa twaliona katika mitaa yetu zaidi kuliko Canada. Kijana aliyetumia kilevi kikali akianza kusikia sauti asizozisikia mwengine, au akiwashuku wazazi wake kuwa wataka kumuua, watu wetu husema ameingiwa na jini. Hupelekwa kwa mganga. Huchinjiwa, hufukizwa, huchapwa ili jini atoke, na wengine hufungwa minyororo nyuma ya nyumba, miezi na miaka. Baba huona bora aambiwe mtoto wake ana pepo kuliko aambiwe mtoto wake avuta bangi, kwa kuwa pepo halitii aibu. Kwa aibu hiyo hupita siku zile za mwanzo ambazo tiba ingekuwa nyepesi. Kumsomea Kurani ni sunna na hatuikatazi. Lakini Mtume ametuamrisha kujitibu, na Kurani husomwa hata juu ya kitanda cha hospitali. Akifikishwa huko, aliyemleta na amwambie daktari kwa ukweli ni kitu gani alichotumia, kiasi gani, na tangu lini, na kama kichupa kimepatikana akichukue mkononi. Daktari hakuwekwa pale kumshitaki mtu. Ataka kujua tu aanzie wapi.